Kofia Hii Ina Nini?

Bandarini Mkoani, Pemba, watu wakiwa wamekaa juu ya mizigo yao wakisubiri kuingia botini, bwana mmoja wa makamo aliniomba kofia yangu aitazame.

Nikaivua nikampa. Hakuitazama kwa jicho la mtu anayetaka kuvaa. Aliinyanyua kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba juu ya viua, vile vitundu vilivyoshonwa kwa uzi, safu moja baada ya nyengine, kisha akaigeuza ndani nje akakagua uzi ulivyofungwa. Kumbe biashara yake ndiyo hiyo. Ana duka Unguja, huuza kofia za mkono, na nyengine humsafirishia jamaa yake Oman.

Ndani, mahali panapokaa paji la uso, alikuta utepe mwembamba wa kanga kuukuu umeshonewa. Akauliza ni wa nini. Nikamwambia ni wa jasho. Sikutaka kueleza zaidi.

"Huu utafumuliwa tu, hauna tabu," akasema. Akatia mkono mfukoni akatoa shilingi 100,000.

Nikamwambia haiuzwi. Akaongeza 20,000. Watu waliokuwa karibu wakageuka kutazama, maana kofia yenyewe imeshavaliwa sana na ukingo wake umeanza kugeuka rangi. Nikakataa tena. Yule bwana hakukasirika. Alinirudishia kwa mikono miwili, akaniuliza kwa nia safi kabisa:

"Kwani, maalim, kofia hii ina nini?"

"Ni kazi ya nyumbani," nikajibu.

"Zote ni kazi ya nyumbani."

Tukaitwa kupanda. Katika purukushani za mizigo nikampoteza, hata jina lake sikulijua. Lakini swali lake nilivuka nalo bahari mpaka bandari ya Malindi, Unguja, nikarudi nalo kwetu Wete, na kwa wiki kadhaa nimekuwa nikiamka nalo.

## Utepe wa kanga

Mwenye kuvaa kofia ya mkono anaijua tabu ya wanga. Ikishafuliwa lazima itiwe wanga na ivishwe juu ya kitu cha duara ikauke wima, ama sivyo hulegea. Kwetu huvishwa sufuria ndogo iliyopinduliwa. Ikikauka husimama vizuri, lakini ukingo wake huwa mgumu, na ngozi ya paji langu haipatani na ugumu ule. Nilikuwa nikirudi kutoka Ijumaa na mstari mwekundu juu ya nyusi, unaniwasha mpaka alasiri. Sikuwahi kulalamika. Si jambo la kulalamikia.

Kofia iliyofuata ilikuja na utepe.

Mwenzangu, mke wangu anayenishonea kofia, hakuniambia kitu. Aliniona tu, Ijumaa hii na ile, nikijikuna wakati wa chakula cha mchana, akachana kipande cha kanga iliyofuliwa mpaka ikalainika, akakishonea ndani mahali penyewe hasa.

Kofia ya viua haina haraka. Kuna duara la juu na ukanda wa pembeni, na kila kimoja huchorwa maua yake kwa penseli kabla sindano haijagusa kitambaa. Hiyo ni kazi ya jirani yetu mmoja mwenye mkono wa kuchora. Kila kiua ni tundu linalotobolewa, kisha likazungushiwa uzi, mzunguko baada ya mzunguko, ukivutwa kwa nguvu ileile mpaka kingo zikaze. Ukivuta zaidi, kitambaa kinajikunja. Ukilegeza, tundu linafumka baada ya kufuliwa mara chache. Usiku mwingi nimekaa naye ukumbini nikiisikia ile sauti ndogo ya uzi unapopita kwenye kitambaa. Siku hizi kwa sauti hiyo peke yake najua kama amechoka.

Ule utepe, kwa upande wake, ni mishono mikubwa ya kawaida. Mtoto wa skuli angeweza kuushona. Yule bwana wa Mkoani aliona sawasawa: kwa jicho la biashara utepe unaiharibu kofia, maana unaifanya iwe ya kichwa kimoja.

Kichwa hicho ni changu.

Siku ya kwanza nilipoivaa, niliusikia ule ulaini mara tu nilipoiweka kichwani. Nilikwenda msikitini, nikasali, nikarudi bila ya mstari wala muwasho. Njiani nilipita kwa muuza haluwa nikanunua ile ya Wete anayoipenda, ingali na joto. Nikaiweka mezani. Akaila. Hakuuliza imekuja kwa sababu gani, nami sikusema.

Ndivyo tulivyoishi siku zote. Mmoja huweka kitu, mwengine hukiona, na maneno hayapiti katikati.

Nilikuwa na hakika kwamba hilo linatosha.

## "Alitoa ngapi?"

Niliporudi kutoka Unguja nilimsimulia kisa cha bandarini. Tulikuwa tumekaa kula, ndiyo kwanza anafunua kawa. Nilisimulia kwa ladha, nikafika pale mtu anapotoa pesa nami nakataa, nikanyamaza kidogo kumsubiri.

"Alitoa ngapi?"

"Laki. Halafu akafikisha laki na ishirini."

"Kwa iliyovaliwa?"

Akaliacha kawa. Akanyoosha mkono kuitaka kofia, akaishika na kuitazama kwa muda mrefu kana kwamba imeshonwa na mtu mwengine. Kisha akaanza kuniuliza. Alitazama wapi kwanza? Aligusa duara la juu au ukanda? Alisema lolote kuhusu uzi? Aliitazama kwa ndani? Nilimjibu yote niliyoyakumbuka, na kila jibu liliwasha kitu usoni mwake. Nilikuwa sijapata kumuona akiifurahia kazi yake namna ile. Alipoimaliza, kila mara alikuwa akiikunjia gazeti tu na kuiweka kabatini mpaka mnunuzi apite.

"Na wewe ukamkatalia."

"Nikamkatalia."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili yako."

Akanipakulia wali, akanitilia mchuzi, akaniwekea kipande cha samaki aina ya changu upande wangu wa sahani. Hakukasirika. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayenyoosha jambo lisije likapinda.

"Maalim, kofia ni yako. Ukitaka kuiuza, uza, na ukitaka kuivaa, ivae. Lakini usiseme hukuiuza kwa ajili yangu. Kwa ajili yangu ungeiuza."

Nikala. Nilisikia chakula kitamu na neno zito kwa pamoja.

Lazima nieleze bei, maana bila ya bei neno lake halieleweki. Wanunuzi wanaopita mitaani kwetu humpa 50,000 kwa kofia mpya. Akiwa na haraka ya pesa, na wao hujua nani ana haraka, hupunguza. Daima soko limelala, daima Unguja kumejaa kofia. Yeye atajuaje kama ni kweli? Kilo ya karafuu kavu bei yake hutangazwa, ina madaraja yake, na mkulima wa Micheweni na wa Kengeja wote wanajua ZSTC, shirika la biashara la serikali, watawalipa ngapi kabla hawajafunga gunia. Kofia haina mtangazaji. Anayeishona huambiwa thamani yake na yule anayeinunua.

Kwa hiyo lile nililomletea kama habari ya mapenzi, yeye alilipokea kama habari ya soko. Tena ndiyo habari ya kwanza ya kweli aliyowahi kuipata kuhusu kazi ya mikono yake mwenyewe. Mtu asiyemjua, asiyemdai wala kudaiwa naye, aliigusa kazi yake kwa kidole gumba akatoa pesa, na angetoa zaidi.

Nililala nikiliwaza. Nilidhani kofia ile niliipandisha daraja kwa kukataa kuiuza. Kwake yeye, aliyeipandisha ni yule bwana.

Nani kati yetu alimthamini?

Sina haraka ya kusema ni yeye. Yule bwana angeufumua utepe. Hakujua unasema nini, na hakuwa na sababu ya kujua. Mimi najua. Hata leo ningeikatalia ile laki na ishirini, isipokuwa safari hii ningesema nakataa kwa ajili yangu mimi, kwa sababu ni mimi ninayeitaka. Hilo ni jingine kabisa, na tangu usiku ule nimekuwa mwangalifu kutolichanganya na lile.

## Jamvi la jirani

Baada ya hapo nikaanza kujiuliza: haya mengine ninayoyapenda kwake, nayo ni yangu au ni yake?

Nichukue moja. Msimu wa karafuu, nyua zote za mtaa wetu hujaa majamvi. Anayeanika hufanya kazi nyengine huku jicho moja liko mbinguni. Wingu likikaza, hupigwa kelele, na kila mtu hukimbilia jamvi lake kukunja, maana karafuu iliyopata mvua hupoteza rangi, na rangi ndiyo daraja, na daraja ndiyo pesa. Hapo hakuna anayemlaumu mwenziwe kwa kuanza na lake.

Mwenzangu haanzi na letu. Pembeni yetu anaishi bibi mmoja mtu mzima, magoti hayamsaidii, na karafuu anazoanika ni pishi chache tu alizochumiwa na wajukuu. Mvua ikitisha, mwenzangu huliendea jamvi la bibi kwanza. Hulikunja, hulipeleka barazani, hulifunika, ndiyo anarudi mbio kwetu.

Mwaka mmoja mvua haikutupa nafasi. La bibi lilikuwa ndani, letu nusu lilikuwa mikononi mwangu na nusu lipo chini likinyeshewa. Alirudi amelowa chapachapa, akashika ncha yake, tukakunja yaliyobaki. Zile zilizolowa tulizianika upya, zikakauka, lakini rangi ilikwisha kwenda. Zikashuka daraja.

Sikusema neno. Mtu anaweza kunyamaza kwa hasira, na mwengine kwa kukosa la kusema. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nikimtazama mtu niliyemuoa, na nilichokiona kilinizidi. Aliminya maji kwenye ncha ya kanga yake, akaniuliza kama nimewasha jiko. Basi.

Ukimuuliza yeye hilo la jamvi atakwambia bibi hana magoti, na hapo maelezo yamekwisha. Hajui kwamba nimelihifadhi. Kwake si sifa, ni kazi ya siku ya mvua, kama alivyoona kofia ni kazi ya kuuzwa. Nami nimebaki nikijiuliza kama mtu anaweza kupendwa kwa jambo ambalo mwenyewe halioni, halafu asipate hata habari. Tena kuna shaka iliyonisumbua zaidi: kama nisingelipenda lile la jamvi, kama ningepiga kelele kwa ajili ya daraja lililoshuka, yeye angefanya vilevile mwaka uliofuata. Kwa hiyo ukimya wangu ulimpa nini?

## Aibu ya kumtaja

Sisi kumsifu mke mbele za watu tunaona aibu. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Nimelelewa humo na najua sababu zake. Siri ya mtungi aijuaye kata. Ukiyamwaga ya nyumbani barazani, kuna atakayeyaokota kwa wema na kuna atakayeyaokota kwa husuda, na anayeumia ni yule usiyemuuliza kama anataka kusemwa. Baba yangu sikupata kumsikia akimsifu mama mbele ya wageni. Lakini mama alipougua, baba alijifunza kukuna nazi juu ya mbuzi akiwa na mvi kichwani, na alikuwa akichuja tui kwa kifumbu chake mwenyewe asije akamkosea mama mchuzi aliouzoea.

Vijana ninaofundisha nao wanafanya tofauti. Siku ya kuzaliwa mke, sitatasi za WhatsApp hujaa picha, maua na dua. Mmoja wao, kijana mwenye adabu sana, aliniuliza ofisini mbona hajapata kuona hata moja yangu. Hakuwa akinisuta. Alitaka kujua tu. Nikamwambia zama zetu hazikuwa hivyo, na jibu lile lilinikera mwenyewe kabla hatujamaliza chai, kwa sababu halikuwa jibu.

Katika darsa nimesikia zaidi ya mara moja ile Hadithi ya Amri bin al-As. Mtume (S.A.W.) alimpa uongozi wa jeshi, na Amri alipomwendea alimuuliza ni mtu gani anayempenda zaidi kuliko wote. Mtume akajibu: Aisha. Amri akasema, nakusudia katika wanaume. Akajibu: baba yake.

Kwa miaka niliisikiliza Hadithi hii kwa ajili ya fadhila za Abubakar, huyo baba yake Aisha. Safari hii nilisimama kwenye lile jibu la kwanza. Aliyeuliza ni kamanda wa jeshi, mazungumzo ni ya wanaume, na jina la mke limetajwa waziwazi bila ya kuzungushwa. Hata alipotakiwa amtaje mwanamume, alimtaja kwa kupitia kwake: baba yake.

Halafu kuna Bi Khadija, mke wa kwanza wa Mtume. Alipokwisha kufariki, Mtume akichinja kondoo alikuwa akikata vipande na kuwapelekea mashoga wa Bi Khadija. Hilo halina hotuba ndani yake. Nyama inatoka nyumbani, inafika kwa bibi fulani, na bibi anajua kwa nini imemfikia.

Kwa hivyo mifano yote miwili ipo, wa kutaja na wa kutotaja, na mtu mmoja aliifanya yote. Mimi nilikuwa nimeshika mmoja nikauita adabu. Sehemu yake ni adabu kweli, na sitaki kuiacha. Yapo mambo yetu ambayo hayatafika humu kamwe. Lakini sehemu nyengine ilikuwa mazoea tu, na mazoea hayana heshima ya kutetewa hivyo. Nikimficha mke wangu na macho ya watu, hiyo ni haki yake. Nikimficha yeye mwenyewe nisiyaseme mazuri yake masikioni mwake, namkinga na nani?

## Kandili

Jioni moja umeme ulikatika akiwa kwenye safu ya mwisho ya duara. Nikawasha tochi ya simu nikaielekeza kwenye mikono yake. Akacheka.

"Umerudia."

"Nimerudia nini?"

"Ya kandili."

Wasomaji wa Pemba hawahitaji kukumbushwa hali ilivyokuwa kabla ya 2010, waya wa chini ya bahari haujafika kutoka Tanga na sote tukitegemea mashine za dizeli za Wesha. (Unguja walipokaa gizani mwaka 2008, na tena ile miezi mitatu ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, jamaa zetu walikuwa wakitupigia simu kulalamika, mwenzangu aliwaonea huruma ya dhati, akawaelekeza jinsi ya kukata utambi usitoe moshi.) Nyakati hizo tulikuwa tukikaa mezani pamoja baada ya Isha, mimi nikisahihisha madaftari, yeye akishona, kandili katikati.

Akaniambia kwamba kandili haikuwa ikibaki katikati. Kila usiku ilianza katikati na ikamalizia upande wake. Nilikuwa nikiisogeza kidogo kidogo, kila nikifunga daftari moja na kufungua jengine, mpaka yeye anashona kwenye mwanga kamili na mimi nimeinama kusoma kwenye kivuli.

"Ulikuwa ukidhani sikuoni," akasema.

Silikumbuki hilo. Nimejaribu kwa bidii, na silikumbuki kabisa. Nayakumbuka madaftari, moshi, wadudu waliokuwa wakigonga kioo. Mkono wangu ukiisogeza kandili siuoni popote.

Yeye ameishi na jambo hilo tangu watoto wadogo. Alilikamata mwenyewe, akaliweka, akawa akilitazama akiwa peke yake, na mimi sikujua kuwa nina kitu kama hicho kwake. Tumefundishwa kwamba amali huzingatiwa kwa nia. Nami sina nia ninayoweza kuionesha. Labda mkono ulifanya tu kwa kuwa mtu mbele yangu alikuwa akishona vitu vidogo kuliko herufi za wanafunzi. Je, naweza kupokea shukrani kwa jambo ambalo sijui kama nilikusudia?

Nilimuuliza hivyo hivyo. Aliuvuta uzi, akaukata kwa meno.

"Mimi nilikuwa naona," akasema. "Wewe nia yako iachie Mungu."

Nikamwambia basi na mimi nina la kwangu. Nikamwambia habari ya jamvi la bibi, mwaka ule wa mvua, na kwamba sikunyamaza kwa hasira. Nikamwambia na utepe. Nilisema kwa shida, sauti haikuwa yangu, na tochi ilikuwa ikitikisika. Alisikiliza akiwa ameishika sindano bila ya kushona. Kisha akasema mwaka ule alidhani nimekasirika, na alikaa na wasiwasi huo mpaka karafuu za msimu uliofuata zilipoanikwa.

Msimu mzima! Ukimya niliouona ni sifa, upande wa pili ulisikika ni lawama. Jawabu la lile swali langu, ukimya wangu ulimpa nini, nilikuwa nimelipata.

## Uzi

Siku hizi macho yake hayaioni vizuri tundu ya sindano, khasa jioni. Miwani tumechukua, inasaidia kwa viua, kwa sindano haisaidii sana. Kwa hiyo nikirudi kutoka sala ya alfajiri nakaa ukumbini nikamtungia sindano kadhaa na kuzichomeka kwenye mto mdogo, azikute. Za mwanzo alinirudishia: uzi mrefu mno, unajisokota. Urefu unaotakiwa ni kutoka ncha ya kidole mpaka kiwiko, chake si changu. Sasa napima kwa ukili alioukata yeye.

Na nasema. Sijawa hodari. Jana nilimwambia kachumbari ilikuwa nzuri akanitazama kuona kama nataka kitu.

Mnunuzi wa mtaani alipopita mara ya mwisho, alitajiwa laki moja. Akacheka, akaeleza habari za soko kulala, akaondoka. Kofia ipo kabatini. Mwenzangu ameanza nyengine, na kwa mara ya kwanza ananiambia anakusudia kuipeleka mwenyewe Unguja, duka kwa duka, aone kila mmoja anaitazama wapi.

Niliomba ruhusa yake kabla ya kuandika haya, nikamsomea yote. Akaridhia, kwa sharti jina lake lisiwemo na mambo mawili yarekebishwe. La kwanza, niliandika kwamba maua ya kwenye kofia anachora mwenyewe; akasema kazi ya jirani isiandikwe jina la mtu mwengine. La pili, alitaka niongeze kwamba hapa Wete wapo kina mama wanaoshona vizuri kuliko yeye, watu wasije wakadhani najisifia cha nyumbani kwangu.

La kwanza nimelirekebisha. La pili nimemwambia hapana. Kofia za mji huu nimezivaa tangu utoto, nyengine za mama, nyengine za shangazi, nyengine za kununua, na ninavyojua mimi hakuna anayemshinda.